Jina la Edward

Jina la mtu ni neno dogo, lakini huweza kubeba habari za taifa zima. Tutazame jina la Edward. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa Eadweard, nalo limeungwa kwa maneno mawili: ead, yaani utajiri au heri, na weard, yaani mlinzi. Basi Edward ni mlinzi wa heri. Lakini wafalme wa Wessex hawakutazama maana peke yake. Mfalme Edward aliyefariki mwaka 924 aliwaita wanawe Edmund na Eadred, na kipande kile cha mwanzo kikawa alama ya nasaba.

Mwaka 1066 William wa Normandy aliishinda Uingereza. Vita vilichukua ardhi kwanza, kisha majina yakafuata. Katika vizazi vichache wazazi wa Kiingereza waliacha Godwin, Leofric na Wulfstan, wakachagua William, Robert na Richard. Kila mzazi alimtakia mwanawe jina lisilomdhili mbele ya wakubwa.

Edward liliponaje? Liliponea kaburini. Mfalme Edward aliyefariki Januari 1066 alizikwa Westminster, na mwaka 1161 akatangazwa kuwa mtakatifu. Henry III, mzao wa William yule mshindi, alimheshimu mno mtakatifu huyo. Mwaka 1239 alimwita mwanawe wa kwanza Edward, na mwaka 1245 mwingine akamwita Edmund. Tangu 1272 hata 1377 wafalme watatu walioitwa Edward walitawala kwa kufuatana. Hivyo jina la walioshindwa liliokolewa na mzao wa washindi.

Ajabu ya dunia ni kwamba jina hilo nalo lilikuja kufunika majina ya wengine. Mwaka 1889 Stanley alilipa ziwa lililo kati ya Kongo na Uganda jina la mwana wa Malkia Victoria, Albert Edward, ingawa watu wa kando yake walikuwa na majina yao tangu zamani. Mwaka 1973 Idi Amin alilifuta, akaweka lake mwenyewe. Alipoanguka mwaka 1979, Edward likarudi, si majina ya wenyeji.

Tunajifunza nini? Maana ya jina hukaa katika lugha, lakini maisha yake hutegemea mwenye nguvu. Atakaye jina la wazee wake lidumu, asingoje mgeni alipende. Na amwite mwanawe kwalo.