Nyaya za Trekta la Mjane

Historia ya trekta nchini kwetu huandikwa kwa kawaida kama historia ya hasara, na sababu zipo. Kwanza ulikuja mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 Kongwa na baadaye ukafika Urambo na Nachingwea. Ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Kisha, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, lile shirikisho la vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba lililojulikana kwa herufi VFCU, lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, likaleta matrekta huku Usukuma kulima mashamba ya pamoja. Gharama zikayashinda mapato, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mpango ulikuwa umeachwa. Hayo niliyafundisha chuoni kwa miaka mingi, na sina neno la kuyapinga. Ila vitabu vinaishia pale mpango ulipokufa, na matrekta hayakufa yote siku hiyo. Yaliyobaki yaliishi wapi, na kwa mikono ya nani?

Jirani yangu hapa Geita, mama mjane mwenye majaruba ya mpunga, analo moja. Ni Massey Ferguson 35, jekundu juu na kijivu tumboni, aina iliyotoka kiwandani Coventry, Uingereza, mpaka mwaka 1964. Marehemu mumewe alilinunua mnadani likiwa tayari limechoka. Linalima majaruba yake, na ya majirani kwa malipo, na malipo hayo ndiyo ada ya wajukuu watatu. Lilipokataa kuwaka mvua zikiwa zimekwisha anza, mnunuzi wa vyuma chakavu hakukawia kufika. Mama akaniita. “Mwalimu,” alisema, “njoo ulitazame kabla sijaliuza kwa kilo.”

Aliniita mimi kwa sababu nilipokuwa mkufunzi nilikabidhiwa shamba la chuo, kufuatana na ile siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na shamba lile lilikuwa na trekta la ukoo huo huo. Darasani nilifundisha historia. Jioni nilishika spana.

Msomaji asiyezoea mitambo na aelewe jambo moja. Injini ya dizeli ikishawaka haihitaji umeme tena ili iendelee kuunguruma, kwa kuwa mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Betri ni ya kuamshia injini na kuwashia taa tu. Kwa hiyo trekta lenye nyaya mbovu huweza kufanya kazi miaka mingi, mradi liegeshwe mlimani na kuachiwa literemke asubuhi. Nchi yetu hii ya vilima na majabali ililea uzembe huo, au tuseme subira hiyo. Ubovu ulifichika hadi siku ile mteremko nao uliposhindwa.

Tulifungua nyaya, mimi na kijana mmoja fundi wa pikipiki, mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Ilikuwa kama kuchimba mahame. Chini kabisa tulikuta nyaya za kiwandani kwa rangi za Lucas: kahawia kwa umeme wa betri, njano kwa dainamo, nyeusi kwa bodi, nyekundu na buluu kwa taa. Juu yake palikuwa na waya wa nyumba, wenye uti mmoja mgumu wa shaba. Huo niliutambua mara moja. Baada ya vita vya Kagera, vilivyokwisha mwaka 1979, fedha za kigeni zilikauka na vipuri vikawa hadithi. Mtu alichukua waya alioupata. Waya wa uti mmoja hufaa ukutani, lakini kwenye mtambo unaotetemeka hukatika ndani ya gamba lake, na kwa macho hauoni kitu. Pamoja na hayo, aliyeufunga alikuwa fundi hasa: viungo vyake alivisokota sawasawa na kuvifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na viwili kati yake vilikuwa bado vizima. Kisha palikuja kebo nene ya mpira, ya aina inayovuta pampu za maji kwenye mashimo ya dhahabu ya Mgusu na Nyarugusu. Juu kabisa, waya mwembamba wa pikipiki.

Hapo ndipo lilipokuwa fumbo lenyewe. Matrekta ya zamani ya aina hii yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari na pikipiki za leo. Aliyefunga betri mara ya mwisho aliweka hasi kwenye bodi, kama alivyofundishwa, na starta ikazunguka vizuri, maana starta ya namna hiyo huzunguka upande ule ule hata ukigeuza betri. Lakini dainamo ilitoa umeme wa upande wake wa zamani, na katauti ilipofunga, umeme wa dainamo na wa betri ukaungana badala ya kukabiliana. Nukta za katauti zikaungua. Tangu hapo betri haikupata chaji.

Kijana alishauri tutupe dainamo tuweke alteneta na tugeuze bodi iwe hasi. Alikuwa na hoja: alteneta huchaji vizuri hata injini ikienda polepole, na taa zingetosha kulima usiku. Mimi nilitaka dainamo ibaki. Mama alitusikiliza akiwa anachambua mchele, kisha akauliza ni ipi itakayotengenezeka hapa hapa Geita ikiharibika. Kijana alifikiri, akasema kwa uaminifu kwamba dainamo unaifungua, unabadilisha makaa, unasafisha shaba yake kwa msasa. Alteneta akiwa hana vipuri vyake atanunua nyingine nzima. Shauri likaisha.

Kazi ilichukua siku nne. Tulitandika nyaya mpya za nyuzi nyingi, tukaweka kebo nene ya starta, tukakwangua rangi na kutu pale waya wa bodi unaposhika chuma, maana nusu ya magonjwa ya umeme wa trekta hukaa hapo. Nukta za katauti tulizisafisha. Mwisho, betri ikiwa imerudishwa chanya kwenye bodi, tuligusisha waya wa umeme kwenye mdomo wa F wa dainamo kwa nukta moja ya saa, cheche ndogo ikaruka. Ndivyo chuma chake kinavyorudishiwa usumaku wa upande ulio sawa. Injini ilipowaka, sindano ya ampea ikasogea upande wa chaji.

Nyaya kuukuu kijana aliziuza kwa shaba yake, nami sikumzuia, ila viungo viwili vya tyubu niliviomba. Juu ya sanduku la betri mjukuu mkubwa ameandika kwa rangi nyeupe: CHANYA KWA BODI. Majaruba yalilimwa wiki iliyofuata, ya mama kwanza, kisha ya wateja waliokuwa wameanza kwenda kukodi ng'ombe.