Ridhaa ya Mgonjwa

Elimu ya tiba hutafutwa katika miili ya watu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza dawa gani ijaribiwe, yafaa kuuliza kama mwenye mwili ameridhia.

Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alipiga kambi katika Visiwa vya Sese, Uganda. Ugonjwa wa malale ulikuwa umefisha watu wengi kandokando ya Ziwa Viktoria, na wagonjwa walimwendea kwa mamia wakitumaini kupona. Aliwadunga atoksili, dawa yenye sumu ya aseniki, kisha akaongeza kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Wagonjwa 22 walipofuka, wala hawakuona tena. Alikusudia kushinda maradhi. Lakini kipimo kiliamuliwa na daktari, na gharama ikalipwa na mgonjwa.

Mwaka 1964 madaktari wa dunia waliafikiana, katika Azimio la Helsinki, kuwa ridhaa ya mtu itangulie jaribio.

Kati ya mwaka 2012 na 2014, waja wazito 8,246 wa Kakamega, Bungoma na Vihiga waliandikishwa katika utafiti wa maji, vyoo, usafi wa mikono na lishe. Walielezwa kwanza, wakaridhia kwa maandishi. Kuhara kwa watoto hakukupungua kama ilivyotumainiwa. Walakini ukweli ulipatikana pasipo kuvunja heshima.

Ewe msomaji, ukiombwa damu yako kwa ajili ya elimu, uliza sababu, uliza hatari, tena uliza kama una ruhusa ya kukataa.