Besi, Kati na Trebo: Sauti ya Gitaa Katika Muziki wa Dansi

Sitalike, kijiji kilicho kusini mwa Mpanda kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kipo mbali na kumbi za Dar es Salaam, lakini muziki wa dansi ulikuwa na njia mbili za kulifikia eneo hilo: tawi la reli kutoka Kaliua, lililojengwa kwa ajili ya madini ya risasi ya Mpanda na lililoiunganisha Mpanda na Tabora, mji wa bendi za Tabora Jazz na Kiko Kids, na Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyopata jina hilo mwaka 1965 na ambayo ilirekodi bendi katika studio zake.

Sauti ya gitaa katika muziki huo hutengenezwa kwanza kwenye amplifaya. Amplifaya, yaani chombo kinachopokea umeme hafifu wa gitaa na kuutia nguvu hadi utikise spika, kwa kawaida huwa na vitufe vitatu vya kuzungusha: besi, sauti ya kati, na sauti kali iitwayo trebo. Katika amplifaya nyingi za taa za kioo (vali), zikiwemo zile zilizotokana na kazi ya mtengenezaji Leo Fender huko California, vitufe hivyo haviongezi chochote; umeme hupita kwenye kapasita, kifaa kinachoyapisha mawimbi ya kasi kwa urahisi kuliko ya polepole, hivyo anayedhani anaongeza trebo kwa kweli anapunguza tu kiasi kinachochujwa.

Jambo hilo lina uzito katika dansi kwa sababu bendi hupanga magitaa kadhaa pamoja, la solo, la rizimu na la besi, na pengine solo la pili, nayo yote yakiachiwa besi kwa wakati mmoja hutoa mvumo mmoja mithili ya mzinga wa nyuki uliogongwa, usiobainisha nani anapiga nini. Solo hupunguziwa besi na kuachiwa trebo ili noti zake zidondoke moja moja. Rizimu hukaa katikati, lakini kwa kiasi, maana hapo ndipo ilipo pia sauti ya mwimbaji. Kwa hiyo kitufe kilichowekwa vizuri hakipimwi kwa uzuri wa gitaa likiwa peke yake, kosa la wanafunzi wengi, kwani solo linalopendeza katika bendi huweza kusikika jembamba mno likipigwa pweke.

Redio ndogo ya betri nayo ilichuja kwa namna yake: spika yake, isiyozidi upana wa kiganja, haikuweza kusukuma hewa ya kutosha kwa noti nzito, hivyo msikilizaji wa kijijini alilipata solo karibu lote, ilhali gitaa la besi alilikisia kutokana na mwendo wa ngoma.