Bamvua, Kilimia na Maana ya Mvutano

Mvuvi wa Pemba huihesabu bahari kwa mwezi. Mwezi uandamapo, na ufikapo kumi na nne, hutarajia bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti yake ikikaribia mita 4. Mwezi wa saba na wa ishirini na mbili huwa ni maji mafu. Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sababu yake: jua na mwezi huivuta bahari, na vikaapo mstari mmoja nguvu zao hujumlika. Ni fikra hiyo iliyobebwa na istilahi yetu ya mvutano.

Mwaka 1915 Albert Einstein alileta rai ngeni. Hakuna kamba isiyoonekana inayovuta. Kitu kizito hupinda nafasi na wakati vinavyokizunguka, na kila kipitacho hapo, hata mwanga, huufuata mpindo huo. Kwa hesabu yake, mwanga wa nyota ugusao ukingo wa jua ungepinda sekunde 1.75 za tao, yaani mara mbili ya ile itokanayo na kanuni za Newton.

Nyota za kando ya jua hazionekani ila jua likipatwa. Fursa ikaja tarehe 29 Mei 1919, mwishoni mwa Shaabani 1337, jua likiwa mbele ya kundi la nyota lililo jirani na Kilimia. Arthur Eddington alikwenda Príncipe, kisiwa cha kakao katika Ghuba ya Guinea. Wenzake walikwenda Sobral, Brazil. Huko Príncipe mvua ilinyesha asubuhi, na kati ya picha 16 zilizopigwa, mbili tu ndizo zilizofaa. Picha bora zilitoka Sobral. Tarehe 6 Novemba ikatangazwa London kuwa vipimo vimemwafiki Einstein.

Mpangilio ule ule wa jua na mwezi uliozionyesha nyota hizo ndio ulioleta bamvua Pemba siku zile. Newton hakufutwa: hesabu zake zingali zinatabiri kujaa na kupwa kwa maji. Lakini mvuvi atafutaye njia kwa GPS hutegemea saa za atomu zilizo angani, ambazo huzitangulia za ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku. Bila ya kurekebishwa kwa kanuni za Einstein, zingempoteza kwa kiasi cha kilomita 10 katika siku moja.

Neno mvutano limebaki, na halina haja ya kutupwa. Lililo wajibu kwa wanaolifundisha ni kumweleza mwanafunzi kwamba ndani yake mna maana mbili, na ya pili haina mvutaji.