Kwa nini Matisse alimchora mkewe na mstari wa kijani usoni?

Ukiiona kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kuna mtu kaiharibu. Mwanamke anakutazama, na katikati ya uso wake, kuanzia kwenye nywele, kupitia puani hadi kidevuni, umeshuka mstari mnene wa kijani. Huyo ni Amélie, mke wa mchoraji Mfaransa Henri Matisse. Picha ni ya mwaka 1905 na inajulikana kama Mstari wa Kijani.

Mstari huo una kazi. Kwa kawaida mchoraji akitaka uso usionekane bapa kama karatasi, upande mmoja anautia kivuli cha kahawia au cheusi. Matisse aliiacha njia hiyo. Shavu moja alilipa waridi, la pili manjano iliyofifia, kisha kijani kikasimama kati kama mpaka wa mwanga na kivuli. Na pua inatokeza vizuri tu! Ikuze picha kwenye simu, uzibe mstari kwa kidole: uso wote unalala.

Angalia pia nyuma yake. Upande mmoja ni kijani, upande wa pili zambarau juu na rangi ya chungwa chini. Hakuna ukuta wa hivyo. Ila kile kijani cha nyuma ndicho kinachofanya mstari wa usoni usionekane mgeni.

Watu wa Paris hawakuwa tayari kwa mambo haya. Kwenye maonyesho ya vuli mwaka huohuo, picha nyingine ya Amélie, Mwanamke Mwenye Kofia, ilichekwa sana. Mhakiki Louis Vauxcelles aliwafananisha Matisse na wenzake na wanyama mwitu, "fauves" kwa Kifaransa, na jina likawaganda. Kwa Amélie haikuwa kicheko cha mbali: sura iliyochekwa ilikuwa yake, na duka lake la kofia lilikuwa limeisaidia familia kula wakati picha za mumewe haziuziki. Hata hivyo hiyo ya kofia ilinunuliwa na ndugu wa Stein, Wamarekani waliokuwa wakiishi Paris, kwa faranga 500.

Ndoa yao ilivunjika mwaka 1939. Mstari wa Kijani upo Copenhagen, Denmark, kwenye jumba la taifa la sanaa. Ni kadogo kuliko wengi wanavyotarajia: kama sm 40 kwa 32.