Sheria ya Kinga ya Mwaka 1970 (Kenya)

Sheria ya Kinga ni sheria ya Kenya iliyowafungia waathiriwa wa Vita vya Shifta mlango wa mahakama. Vita hivyo vilizuka mara tu baada ya uhuru, Wasomali wa kaskazini walipotaka eneo lao lijiunge na Somalia. Sheria hiyo ilizuia madai ya fidia kwa matendo ya askari na maofisa wa serikali kati ya 25 Desemba 1963 na 1 Desemba 1967, mradi yalifanywa kwa nia njema. Kipimo chepesi mno. Mfugaji aliyenyang'anywa ngamia, au aliyehamishiwa kijiji cha lazima, hakuwa na pa kushtaki. Mbali na Mkoa wa Kaskazini Mashariki, ilihusu Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Bunge lilipitisha mswada wa kuifuta. Rais Mwai Kibaki hakuutia saini.