Koo Hasimu katika Hrafnkels saga: Historia au Bunilizi?

Hrafnkels saga, iliyotungwa Aisilandi karne ya 13, inasimulia uhasama wa koo za mashariki ya kisiwa hicho katika karne ya 10. Mtemi Hrafnkell anamuua mchungaji aliyempanda farasi wake wa wakfu. Sámr, ndugu wa ukoo wa marehemu, anamshtaki barazani. Wakubwa wote wanamkwepa, isipokuwa wana wa Þjóstarr kutoka magharibi. Wataalamu wengi waliisoma kama kumbukumbu ya kweli, hadi Sigurður Nordal alipoonyesha mwaka 1940 kwamba ndugu hao, ambao bila wao kesi isingesimama, hawatajwi katika Landnámabók, kitabu cha habari za walowezi. Hata baba yake Hrafnkell anaitwa humo kwa jina jingine. Basi mtunzi aliwabuni (na kwa nini asibuni?), kwani Aisilandi ya wakati ule haikuwa na mfalme wa kutekeleza hukumu, na Sámr peke yake asingemgusa mtemi.